Damu inapozidi baada ya kupandikizwa figo: kwa nini dawa yake ni kidonge cha presha

Mgonjwa wa figo huzoea kuhesabu damu kwa upungufu. Kwenye kitanda cha kusafishwa damu anaambiwa ana damu 7, mwezi unaofuata damu 8. Anachomwa sindano za erithropoietini, homoni inayoamuru damu itengenezwe, anapewa madini ya chuma, na nyumbani ndugu wanampikia matembele na kumchemshia rozela. Akishapandikizwa figo, namba inaanza kupanda yenyewe: 10, 12, 14, na kila mtu anashukuru. Basi inapofika 17.8, nyumbani wanaiona kama neema iliyozidi kidogo, na hata mhudumu aliyezoea kupambana na upungufu wa damu anaweza kuipita bila kuiwekea alama.

Kwa aliyepandikizwa figo, damu ya 17.8 isiyoshuka ni ugonjwa. Unaleta hatari ya mabonge ya damu kwenye mishipa, na una dawa. Kinachowachanganya watu ni dawa yenyewe: enalaprili au losatani, vidonge vilevile anavyomeza jirani mwenye presha. Mgonjwa anapimwa presha, inaonekana 124 kwa 78, kisha muuza dawa anamwambia, "Mzee, presha yako mbona iko sawa, hizi za nini tena?" Anaziacha. Miezi miwili baadaye damu imerudi pale pale.

Hili linahusu watu wa Kusini, Mtwara na Lindi, zaidi ya linavyodhaniwa. Tanzania ilianza kupandikiza figo nchini Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Wakishapona wanarudi makwao: Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa, Mikindani. Klinika ya bingwa wao inabaki Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550 kutoka Mtwara mjini. Katikati ya miadi wanahudumiwa Ligula, Sokoine ya Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Ndanda au Nyangao, mara nyingine na daktari ambaye huyo ndiye mgonjwa wake pekee wa aina hiyo. Tatizo hili nalo hujitokeza zaidi kati ya mwezi wa 8 na wa 24 baada ya upasuaji, wakati ambapo mgonjwa ameshaanza kuitwa Dar mara chache.

Namba gani ni nyingi

Mpaka unaotumiwa na wengi ni himoglobini, ile namba inayoitwa "damu", zaidi ya gramu 17 kwa desilita, au hematokriti zaidi ya asilimia 51. Hematokriti ni sehemu ya ujazo wa damu iliyokaliwa na chembe nyekundu. Mashine nyingine huandika 170 badala ya 17, na 0.51 badala ya 51. Ni kitu kilekile. Maelezo ya vitabuni yanataka hali hiyo idumu miezi 6 bila sababu nyingine, lakini hiyo ni kanuni ya kuupa ugonjwa jina, haina maana kwamba mtu mwenye 18.4 asubiri nusu mwaka. Wanaopata hali hii ni takriban 8 hadi 15 kati ya kila 100 waliopandikizwa. Kwa karibu robo yao huisha yenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa waliobaki huendelea wasipotibiwa.

Wanaume huongoza kwa mbali. Wengine walio hatarini ni wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa kurithi wa vifuko vingi kwenye figo, na wale ambao hata kabla ya upasuaji hawakuwa na upungufu mkubwa wa damu. Inashangaza kidogo, lakini figo pandikizi inayofanya kazi vizuri bila kukataliwa na mwili nayo ni sehemu ya masharti: figo iliyochoka haina nguvu ya kuleta tatizo hili.

Kipimo kimoja cha kidole kwenye zahanati hakitoshi kuanzisha tiba. Damu huonekana nyingi pia maji yanapopungua mwilini, kwa kuwa chembe ni zilezile ila kimiminika kinachozibeba kimepungua. Mtu aliyeharisha siku mbili, anayetumia dawa za kukojoza kama furosemidi au hidroklorothayazidi, au aliyeshinda juani kwenye mashamba ya chumvi, anaweza kusoma 17.5 leo na 16.2 baada ya kunywa maji ya kutosha. Rudia kipimo baada ya wiki moja au mbili, mgonjwa akiwa hana kiu wala homa, na safari hii ichukuliwe picha kamili ya damu kutoka kwenye mshipa. Kisingizio cha mwinuko, kinachoweza kutajwa kwa mtu wa nyanda za juu, Mtwara na Lindi hakipo: pwani tuko usawa wa bahari, na hata bara yetu haiko juu kiasi hicho.

Dalili mara nyingi hazipo. Zikiwepo ni kichwa kuuma au kuwa kizito, kizunguzungu, uchovu usioelezeka, macho kuwa mekundu. Vitabu husema uso hubadilika na kuwa mwekundu. Kwa ngozi nyeusi hilo halionekani, angalia viganja, ufizi na upande wa ndani wa kope. Kinachoogopwa ni damu kuganda ndani ya mshipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla na kifua kuchoma, upande mmoja wa mwili ukilegea au maneno yakianza kukwama, hapo hakuna cha kusubiri klinika. Katika taarifa za zamani, kabla ya dawa hizi kuenea, kati ya 10 na 30 ya kila wagonjwa 100 wenye hali hii walipata tatizo la damu kuganda, na mmoja au wawili walikufa kwa sababu hiyo.

Amri inatoka wapi

Chembe nyekundu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Anayeuamuru uboho ni homoni ya erithropoietini, na kiwanda chake kikuu ni figo. Figo inapohisi oksijeni ni ndogo hutoa homoni. Oksijeni ikitosha inapunguza. Ndiyo maana figo zikifa damu hupungua, na ndiyo maana mgonjwa wa kusafishwa damu huchomwa homoni hiyo kwa sindano.

Sasa fikiria aliyepandikizwa. Daktari wa upasuaji haondoi figo za zamani, isipokuwa kuna sababu maalumu. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande wa nyonga, na mbili za asili hubaki mgongoni kama zilivyo. Hazichuji tena mkojo wa maana, lakini sehemu yake inayotoa homoni inaweza kuwa hai, na haisikii tena breki. Damu iliyochukuliwa kwenye mishipa inayotoka katika figo hizo za zamani imewahi kuonyesha kwamba zenyewe ndizo zilizokuwa zikimwaga homoni, huku figo mpya ikiwa imetulia. Zamani, kabla ya vidonge kujulikana, wapo waliorudishwa chumba cha upasuaji kuondolewa figo hizo za asili, na damu ilishuka.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi wakipimwa erithropoietini hukutwa iko katika kiwango cha kawaida. Kuna mwamrishaji wa pili, naye ni anjiotensini II. Huyu anajulikana zaidi kwa kubana mishipa na kupandisha presha, lakini chembe changa kwenye uboho zina kipokezi chake juu ya ngozi zao. Anjiotensini ikikaa pale, chembe hizo huitikia erithropoietini kwa nguvu kuliko kawaida. Homoni kiasi kilekile huzaa chembe nyingi zaidi. Homoni za kiume na homoni ya ukuaji inayoitwa IGF-1 nazo husukuma upande huohuo, jambo linaloeleza kwa sehemu kwa nini wanaume ndio wengi.

Hapo kidonge cha presha kinapata maana yake. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili huzuia kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini II. Losatani na ndugu zake huziba kipokezi chenyewe. Kundi la kwanza lina kazi ya ziada: kimeng'enya kile kile huvunja kijiprotini kidogo kinachoutuliza uboho, kwa hiyo ukikizuia, kitulizo huongezeka. Presha ikishuka ni matokeo ya pembeni. Dawa nyingine za presha hazifanyi kazi hii. Amlodipini au nifedipini inaweza kuweka presha 120 kwa 80 mwaka mzima na damu ikaendelea kupanda, na ndiyo maana kumbadilishia mgonjwa "dawa ya presha kwa dawa ya presha" kwa sababu stoo imeishiwa ni kosa hapa. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2009 kuhusu waliopandikizwa figo unapendekeza makundi haya mawili kwa jina kwa ajili ya tatizo hili.

Kabla ya kuandika dawa

Si kila damu nyingi baada ya upandikizaji inatokana na figo za zamani. Baadhi ya sababu nyingine ni nyepesi kuziona ukiuliza. Je, bado kuna mtu anamchoma erithropoietini? Hutokea, mgonjwa anapohama kituo na kadi ya zamani kuendelea kufuatwa. Anavuta sigara? Anatumia testosteroni? Ameanzishiwa dawa mpya za kisukari za kundi la dapaglifozini au empaglifozini? Hizi hupandisha hematokriti kwa pointi mbili au tatu hivi kwa mtu yeyote, na kwa aliyekuwa mpakani zinatosha kumvusha. Anakoroma sana, anakabwa pumzi usingizini na kuamka amechoka? Kipima oksijeni cha kidole, kilichopo karibu kila wodi, kikisoma chini ya 92, tafuta tatizo la mapafu au moyo kwanza.

Chembe nyeupe au sahani za damu zikiwa juu pamoja na chembe nyekundu, au wengu ukiwa umekua, huenda uboho wenyewe una ugonjwa, na mgonjwa anahitaji kipimo cha jini la JAK2 na daktari wa damu. Kumbuka tu kwamba Kusini wengu mkubwa una sababu nyingine za kawaida, malaria ikiwemo.

Kisha kuna ultrasaundi, ambayo hairukwi. Inatazama vitu viwili. Cha kwanza ni figo za asili, kwa kuwa figo zilizokaa kwenye usafishaji damu kwa miaka huota vifuko, na baadhi hugeuka saratani inayotoa erithropoietini. Cha pili ni mshipa mkuu unaoingiza damu kwenye figo pandikizi, uangaliwe kwa dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Mshipa huo ukiwa mwembamba, figo hudhani mwili mzima hauna damu na kuitisha zaidi. Na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kidonge tunachotaka kumpa kinaweza kuizima figo yenye mshipa mwembamba. Mtu wa kawaida ana figo mbili; huyu anategemea moja.

Kuna usomaji wa vipimo unaopotoshwa na damu nzito, nao hautajwi sana. Glukometa za vidoleni husoma sukari chini kuliko ilivyo hematokriti ikiwa juu, na waliopandikizwa wengi wana kisukari, kingine kikiletwa na takrolimasi na prednisoloni zenyewe, dawa za kuzuia mwili usiikatae figo. Sukari isiyolingana na hali ya mgonjwa ipimwe maabara. Vilevile kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hematokriti ikizidi 55 chupa ya kipimo cha kuganda huwa na sitreti (kemikali inayozuia sampuli isigande) nyingi kuliko plasma, yaani maji ya damu, iliyopo, na jibu huonyesha damu nyepesi kuliko ukweli. Mwambie mtu wa maabara kabla.

Kuanza

Siku ya kuanza unahitaji namba nne kwenye karatasi: presha, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), potasiamu, himoglobini. Bila potasiamu, usianze. Ikiwa tayari iko juu ya 5.5 milimoli kwa lita, ishushwe kwanza.

Enalaprili huanza na miligramu 2.5 au 5 mara moja kwa siku. Losatani huanza na 25. Mwenye presha ya chini ya kawaida aanze na nusu ya hapo na ameze usiku. Kreatinini na potasiamu hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14, na tena kila dozi inapopandishwa. Himoglobini haina haraka hiyo. Ipimwe baada ya wiki 4. Ikiwa bado iko juu ya 17 na potasiamu ni nzuri, panda: enalaprili hadi 10, kisha 20, losatani hadi 50, kisha 100. Wengi hawahitaji dozi za juu. Mara nyingi enalaprili ya 5 hadi 10 au losatani ya 50 inatosha, na kuna wanaoshuka kwa 2.5 tu.

Kwa nini wiki 4? Chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Dawa haiui chembe zilizokwisha kuzaliwa; inapunguza zinazozaliwa. Ni simtanki lenye tundu dogo chini: umepunguza bomba la juu, lakini maji yaliyomo yanatoka kidogo kidogo. Kila siku chini ya asilimia moja ya chembe huondoka. Uboho ukipunguza uzalishaji kwa theluthi moja, mtu mwenye 18.5 atashuka kama gramu 1 na nusu mwezi wa kwanza, na mwendo utazidi kuwa wa taratibu. Mabadiliko huonekana ndani ya wiki 4 hadi 6, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Anayepima kila wiki na kuona 18.3, 18.1, 18.0 hana sababu ya kusema dawa imeshindwa, wala ya kuongeza dozi mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Akifanya hivyo, mwezi wa tano atajikuta na mgonjwa mwenye damu 11.

Enalaprili au losatani? Zote zinafanya kazi. Katika baadhi ya ulinganisho enalaprili imeshusha zaidi kidogo. Kwa mazingira yetu losatani ina hoja nzuri ya kuwa ya kwanza, na hoja hiyo ni kikohozi. Kati ya kila watu 10 wanaotumia enalaprili mmoja hivi hupata kikohozi kikavu, na kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa dawa, katika nchi yenye kifua kikuu, kila kikohozi ni kesi. Usikubali kukihusisha na kidonge kabla makohozi hayajapimwa na picha ya kifua kupigwa. Na usimuanzishie mtu dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha, maana rifampisini huteremsha takrolimasi kwa kiwango cha kuiweka figo hatarini. Losatani inakuepusha na mzunguko wote huo. Sababu ya pili ni kuvimba ghafla kwa midomo, ulimi au koo, tatizo adimu la kundi la enalaprili ambalo huwapata watu weusi zaidi. Likitokea, dawa zote za kundi hilo zinakomeshwa maisha yote.

Usizitoe zote mbili kwa pamoja. Faida haiongezeki kiasi cha kustahili, potasiamu na kreatinini ndizo zinazopanda. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, hakuna kati ya hizi inayofaa bila uzazi wa mpango wa uhakika: zinadhuru figo za mtoto tumboni. Anayepanga kuzaa abadilishiwe mapema.

Potasiamu, madafu na korosho

Kreatinini kupanda kidogo mwanzoni kunatarajiwa. Hadi asilimia 30 juu ya ya mwanzo, ikitulia hapo, inavumilika. Aliyekuwa na 110 akafika 135 hajaharibikiwa. Ikipita hapo, au ikiendelea kupanda kila kipimo, simamisha kidonge na uurudie mshipa wa figo kwa dopla.

Potasiamu ndiyo inayoua kimyakimya. Aliyepandikizwa figo huanza na mzigo: takrolimasi na saiklosporini zenyewe huizuia figo kuitoa potasiamu. Septrini, ambayo wengi humeza kujikinga na maambukizi, huongeza. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazopatikana duka lolote la dawa bila cheti, huongeza tena na kuiminya figo juu yake. Weka losatani juu ya hayo na utaelewa kwa nini mtu aliyeanza na 4.9 anaweza kufika 6.3 ndani ya wiki mbili. Maumivu ya mgongo baada ya shamba yatulizwe kwa parasetamo.

Halafu kuna sahani ya chakula. Ushauri wa lishe unaotoka kwenye makaratasi ya nje hutaja machungwa na viazi, wakati Pwani ya Kusini jambo la kwanza kuulizwa ni dafu. Kikombe kimoja cha maji ya dafu, mililita 240 hivi, kina takriban miligramu 600 za potasiamu, zaidi ya ndizi mbivu nzima. Madafu mawili kwa siku ya jua kali ni mzigo unaoonekana kwenye kipimo. Korosho gramu 100 zina zaidi ya 600, na msimu wa korosho watu hula bila kupima. Mbaazi, unga wa mlonge unaouzwa kama dawa ya kila kitu, ndizi na parachichi vimo kwenye orodha. Muhogo una unafuu: ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Hakuna haja ya kukataza vyote milele. Potasiamu ikiwa 4.5 mgonjwa ale kwa kiasi; ikiwa 5.6 dafu linasimama, dozi inapunguzwa, kipimo kinarudiwa ndani ya siku chache. Ikifika 6 dawa inasimamishwa na mgonjwa anahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo.

Kabla ya kumtisha mtu kwa 6.1, hata hivyo, uliza sampuli ilivyochukuliwa. Mkono uliokunjwa ngumi kwa nguvu, mpira uliofungwa muda mrefu, au chupa iliyokaa saa kadhaa kwenye joto ikisubiri gari kutoka kituo cha afya, vyote vinaweza kuonyesha potasiamu kubwa kuliko iliyomo mwilini. Rudia haraka, mgonjwa akiwa bado yupo.

Siku ya kuharisha au kutapika ina kanuni yake. Losatani au enalaprili inasimama mpaka mgonjwa ale na kunywa tena, kwa kuwa mwili uliokauka pamoja na dawa hizi ni njia fupi ya kuizima figo. Takrolimasi, mikofenolati na prednisoloni hazisimami hata siku moja. Akizitapika atafute hospitali. Kuharisha pia hupandisha kiwango cha takrolimasi, kwa hiyo ni vizuri kipimwe. Familia nyingi hufanya kinyume: husimamisha "dawa kali" za figo na kuendelea na "za presha".

Basi la kwenda Dar nalo linahitaji mpango. Saa nane au zaidi za kukaa, magoti yamekunjwa, na abiria wengi hawanywi maji kuanzia Mtwara kwa kuogopa kuomba gari lisimame wachimbe dawa. Kwa mwenye hematokriti 54 hiyo ni namna nzuri ya kutengeneza bonge mguuni. Anywe maji, asogeze vifundo vya miguu kila nusu saa, na kila gari linaposimama, Nangurukuru au Kibiti, ashuke atembee. Na vidonge vya akiba vya angalau wiki mbili viwepo nyumbani muda wote: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Kusini, na aliyekuwa amebakiza vidonge vitatu alijua maana yake.

Isiposhuka

Kabla ya kusema dawa imeshindwa, hesabu vidonge vilivyobaki. Ikiwa kweli amemeza dozi ya juu anayoivumilia na baada ya wiki kadhaa himoglobini bado ni zaidi ya 17, au amekuja tangu mwanzo akiwa na zaidi ya 18.5, kutoa damu kunaingia. Hutolewa mililita 300 hadi 500 kwa mkupuo mmoja, mgonjwa akiwa amelala na amekunywa maji, na kurudiwa baada ya wiki moja au zaidi mpaka hematokriti ishuke chini ya 51. Mfuko mmoja hushusha himoglobini kwa takriban gramu 1. Kutoa kwa haraka kunaweza kuangusha presha na kuinyima figo damu. Mwenye moyo dhaifu arudishiwe maji ya saline kiasi hichohicho.

Ubaya wa kutoa damu ni kwamba haugusi chanzo, na kila mfuko huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Baada ya mifuko michache mgonjwa ana chembe nyingi lakini ndogo, amechoka, na akiba ya chuma imekwisha. Mhudumu akiona uchovu na chembe ndogo, mkono wake huenda kwenye vidonge vya chuma. Kumpa chuma hapo ni kuuwekea mafuta moto tunaouzima. Himoglobini hurudi juu ndani ya wiki. Chuma kitolewe tu kwa uamuzi wa bingwa anayemfuatilia. Rozela na matembele si tatizo kubwa, ila sirapu za "kuongeza damu" ziondoke nyumbani.

Dawa ya akiba ni teofilini, inayopunguza utoaji wa erithropoietini kwa kuzuia adenosini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulitumia miligramu 8 kwa kilo kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama 480, zikigawanywa. Inafanya kazi, lakini watu huiacha: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kichefuchefu. Siprofloksasini na erithromaisini huipandisha kwenye damu hadi kiwango cha sumu, na sumu yake ni degedege. Aminofilini, inayotolewa kwa pumu, ni teofilini kwa jina jingine. Aliyepewa zote mbili amepewa dozi mara mbili. Kwa anayeweza kumeza losatani, teofilini haina sababu ya kuwa chaguo la kwanza.

Mpaka lini

Lengo ni himoglobini chini ya 17, na kwa vitendo 14 hadi 16 ni mahali pazuri pa kukaa. Ikishuka chini ya 13 punguza dozi kwa nusu. Dawa hizi zina uwezo wa kumfikisha mtu kwenye upungufu wa damu wa kweli. Lakini kushuka kwa ghafla, kutoka 15 hadi 10 ndani ya mwezi, hakutokani na kidonge. Tafuta malaria, damu inayopotea tumboni, maambukizi, au figo pandikizi inayoanza kuchoka.

Baada ya kutulia, himoglobini, kreatinini na potasiamu hupimwa kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila baada ya miezi mitatu. Kadi ya klinika iandikwe wazi, kwa maneno haya: "Losatani, kwa ajili ya wingi wa chembe nyekundu, isisimamishwe kwa sababu presha ni nzuri." Mstari huo humsaidia mgonjwa kila anapokutana na daktari mgeni.

Wengi wakiacha dawa damu hupanda tena ndani ya miezi michache. Lakini kwa kuwa kwa baadhi ugonjwa huisha wenyewe, baada ya mwaka mmoja au miwili ya namba tulivu inawezekana kujaribu: dozi inapunguzwa nusu kwa miezi miwili, kisha inaachwa, na himoglobini inapimwa kila mwezi kwa miezi 6. Isijaribiwe kwa mtu aliyewahi kupata bonge la damu, wala kwa mwenye protini kwenye mkojo, ambaye losatani anaihitaji hata damu ikiwa ya kawaida. Ikivuka 17 tena, anarudishiwa dozi ileile iliyomshusha mwanzo, na potasiamu inapimwa upya baada ya wiki moja kana kwamba ndiyo anaanza.